Si kila tumbo linalouma ni karuho

Juma hili tunaacha kidogo mambo ya masomo ya watoto, maana kisha likilimba ya Jumapili wengi walituuliza juu ya mwenzetu wa hapa Bungulu aliyepasuliwa tumbo. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa tuandike, bila jina lake.

Alianza kwa kushiba mbio. Matonge matatu ya fufu, na tumbo limejaa. Kisha choo kikawa cheusi kama lami, na akipanda kilima kichwa kinazunguka. Majirani walisema: karuho. Alikunywa dawa za kutapisha, akauza mbuzi wawili, mwaka ukaisha. Sisi nasi tunakiri, tulimwambia tu anunue vidonge vya vidonda vya tumbo.

Choo cheusi hakingojewi. Ni damu iliyotoka juu, katika mfuko wa chakula, ikageuka rangi njiani. (Vidonge vya feri pia vinafanya choo cheusi; kama unavimeza, mwambie munganga.) Hospitalini walimpima damu, ilikuwa imepunguka sana. Ndipo wakapitisha kinywani mpira mwembamba wenye taa na kamera mpaka tumboni. Ni fibroskopi. Inasumbua koo dakika chache, lakini haipasui. Waliona uvimbe kama yai la kuku, na juu yake kidonda.

Hapa tulishangaa. Walichuna kinyama kidogo, jibu likasema hakuna kitu. Kumbe uvimbe wa namna hii unamea ndani ya ukuta wa tumbo, na ngozi ya ndani inaufunika. Ukichuna juu, unaweza kupata ngozi nzima tu. Skana inaonyesha ukubwa wake na kama umegusa viungo vingine, lakini mara nyingi kujua kweli kama ni kansere ama hapana, ni kuutoa na kuutazama kwa mikroskopi.

Mumewe aliogopa watatoa tumbo lote. Hapana. Walikata uvimbe na ukingo mdogo kandokando, wakashona. Ndugu wawili walitoa damu mbele ya operesheni. Kazi hii si ya jana: mwaka 1881, kule Vienna, Theodor Billroth alikata sehemu ya tumbo la mama wa miaka 43, naye akapona kidonda cha kisu. Aliishi miezi michache tu, kwani yake ilikuwa kansere.

Ya mwenzetu haikuwa. Jibu lilifika kisha majuma matano, marefu kuliko ule mwaka mzima: leyomioma, uvimbe wa nyama ya tumbo, usioenea mwilini. Ni ugonjwa wa haba.

Sasa anakula kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Maji na kuni habebi bado. Deni la hospitali lipo, kwa hiyo zamu yake ya likilimba tumeisogeza mbele. Jumamosi, saa moja asubuhi, tunamlimia shamba lile la karibu, si lile la mbali kusiko na usalama. Njooni na majembe.