Rutshuru Inastahili Picha Iliyotulia

Na Baraka Kasereka

Ulimwengu umezoea kuiona Rutshuru, huku Kongo mashariki, ikitikisika. Picha zinazotoka huku, ama za mgeni aliyeshuka garini mara moja, ama za simu ya mtu anayekimbia, zinaruka hata mtazamaji hatambui kama ni soko la Kiwanja au kambi ya wakimbizi. Anayekimbia hana kosa. Lakini siku ya ndoa, siku ya kuvuna maharagwe, siku mzee anapotembeza watu shambani kwake akieleza alivyolipata, picha bado inaruka. Vijana wetu wanabeba kamera mkononi huku wakikanyaga mawe ya volkeno.

Nasema wajitengenezee kitulizi, chombo cha kuzuia kamera isitikisike. Mmarekani Garrett Brown alipobuni kitulizi cha Steadicam miaka ya 1970, utulivu wake haukutoka kwenye mota. Ndiyo iliyomfuata Rocky akipanda zile ngazi za Philadelphia, katika filamu ya 1976. Ile kubwa huvaliwa mwilini na ina mkono wa springi; ya mkononi inategemea uzito uliopangwa vizuri, basi.

Fimbo nyepesi ya chuma inatosha. Juu weka bamba la mbao la kubebea kamera, chini vipande vya chuma. Katikati pana mpini wenye kiungo kinachogeuka pande zote, na hapo usibanie pesa: tafuta rulema laini isiyokwama. Kamera ya kilo 1 iliyo sentimita 15 juu ya kiungo inalingana na nusu kilo sentimita 30 chini yake. Ongeza kidogo chini ili fimbo isimame yenyewe.

Kusawazisha ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu ya haraka. Sogeza kamera mbele na nyuma, kushoto na kulia, mpaka fimbo isimame wima. Kisha ilaze, iachie, uhesabu: ichukue kama sekunde 2 au 3 kurudi wima. Ikishuka upesi, chini kumezidi, na kila ukianza kutembea au ukisimama itabembea; punguza chuma. Ikikataa kurudi, juu kumezidi. Ukibadili betri au ukifungua kioo cha pembeni cha kamera, unasawazisha upya. Vidole vya mkono wa pili viiguse fimbo kwa wepesi karibu na kiungo, kuielekeza tu.

Mtu ataniambia vitulizi vya mota vipo. Vipo, na ni vizuri, ila vinataka umeme, na mota ikiungua kijijini nani ataitengeneza? Simu nyingi nazo hujituliza kwa kukata kingo za picha, na ndani ya kanisa lenye giza picha inabaki na ukungu.

Wakati huohuo tunao mafundi wa chukudu, watu wanaochonga chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba kilo mia kadhaa bila kupinduka. Sijasikia wakiitwa kwenye darasa la filamu, na hilo linaniuma. Goma ina kituo cha Yole!Africa, kilichoanzishwa na mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo, ambacho kimefundisha vijana wengi kushika kamera. Wanaofundisha filamu, huko mjini na hata huku kwetu, wamwite fundi wa chukudu na msumeno wake. Wiki ya kwanza iwe ya mbao, chuma na rulema. Kamera iwashwe wiki ya pili.