Mchezo wa wasaliti: Kicheko Uskoti, jambo zito Njombe

Na Mwandishi Wetu, Makambako

KATIKA mji wa Makambako, ambako barabara ya Njombe na Songea inaachana na ile iendayo Zambia, mgeni si habari. Malori hulala hapa, treni ya Tazara hupita, wanunuzi wa viazi na mbao huja na kuondoka bila mtu kuwauliza kabila wala nia yao. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2019 mkoa huu wa Njombe ulipita katika kipindi ambacho hata jirani alitazamwa mara mbili. Watoto walikuwa wakitekwa na kuuawa, na mwishoni mwa Januari mwaka huo Serikali ilisema miili 10 ilikuwa imepatikana, mingi ikiwa imeondolewa viungo. Mauaji hayo yalihusishwa na imani za kishirikina za kutafuta utajiri.

Nimelikumbuka jambo hilo kwa sababu isiyotarajiwa: shindano la luninga. Novemba 6, 2025 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilihitimisha Celebrity Traitors, na watazamaji zaidi ya milioni 11 walikesha mbele ya luninga kuona mwisho wake. Kwa asiyelifahamu, watu mashuhuri 19 waliwekwa katika kasri la Ardross, kaskazini mwa Uskoti. Mtangazaji Claudia Winkleman aliwateua watatu kwa siri kuwa wasaliti, nao ni mchekeshaji Alan Carr, mtangazaji Jonathan Ross na mwanamuziki Cat Burns. Usiku wasaliti hukutana wakiwa wamevaa majoho na kumchagua wa "kumuua". Mchana washiriki wote huketi kwenye meza ya duara na kupiga kura ya kumfukuza wanayemshuku.

Sisi tumezoea mashindano ya namna nyingine. Richard Bezuidenhout alipotwaa dola 100,000 za Big Brother Africa mwaka 2007, na Idris Sultan alipotwaa dola 300,000 mwaka 2014, Watanzania walihesabu ushindi huo kuwa wa taifa, maana waliokuwa wakipiga kura ni watazamaji. Katika mchezo wa wasaliti mtazamaji hana kura. Kinachomfurahisha ni kwamba yeye anaujua ukweli tangu mwanzo, na anawaona wasioujua wakijikwaa.

Na walijikwaa kwelikweli. Wa kwanza kufukuzwa, Niko Omilana, alikuwa mwaminifu. Mtangazaji wa michezo Clare Balding alifukuzwa, naye alikuwa mwaminifu. Stephen Fry, mwigizaji na mwandishi ambaye Waingereza humhesabu miongoni mwa watu wao wenye akili nyingi, alifukuzwa vilevile, naye hakuwa na hatia. Zaidi ya nusu ya vipindi vyote vilipita kabla ya msaliti wa kwanza, Ross, kufichuliwa. Katika fainali mchezaji wa raga Joe Marler, ambaye shaka yake ilikuwa sahihi, alitolewa na waaminifu wenzake. David Olusoga, mwanahistoria ambaye kazi yake ni kupima ushahidi, alibaki hadi dakika ya mwisho akimwamini Carr. Carr akashinda pauni 87,500 kwa ajili ya taasisi ya kupambana na saratani ya watoto, kisha akalia machozi mbele ya wenzake aliowadanganya.

Je, walikuwa wajinga? Sidhani. Pale mezani hapakuwa na ushahidi wowote. Aliyenyamaza alishukiwa kwa kunyamaza, na aliyesema sana alishukiwa kwa kusema sana. Mtu anapokosa ushahidi husoma uso, na uso hauna la kusema.

Hapa ndipo mchezo unapogusa pabaya. Taarifa za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimetaja mwaka hadi mwaka mauaji ya wazee, wengi wao wanawake, kwa tuhuma za uchawi. Mara nyingi "ushahidi" umekuwa macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wa miaka 40 jikoni. Oktoba 2016 watafiti wawili wa kituo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao waliuawa na wananchi katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, kwa kudhaniwa kuwa wanyonya damu. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo.

Asije mtu akadhani kwamba hii ni hulka ya Mwafrika. Uskoti hiyo hiyo ilikuwa na Sheria ya Uchawi kuanzia mwaka 1563 hadi 1736, na wanahistoria wanakadiria kuwa watu wapatao 2,500 waliuawa chini yake, wengi wao wanawake. Janet Horne, anayetajwa kuwa wa mwisho kuchomwa moto, aliuawa mwaka 1727 huko Dornoch, mji usio mbali na kasri la Ardross. Serikali ya Uskoti iliomba radhi rasmi Machi 8, 2022. Kwao jambo hilo lina umri wa miaka 300, hivyo wanaweza kuvaa majoho na kucheka. Sheria yetu ya Uchawi, iliyotungwa na wakoloni mwaka 1928, bado imo vitabuni.

Huko Njombe wauaji walikuwepo kweli, na hakuna anayeweza kuwaambia wazazi wa mkoa huu kwamba hofu yao ilikuwa ya kubuni. Lakini kuwapata wauaji ni kazi ya upelelezi na mahakama, ambako shahidi huulizwa aliona nini, saa ngapi, akiwa umbali gani. Kwenye meza ya duara hakuna anayeuliza hivyo.

Kwa hiyo mtayarishaji wa Dar es Salaam atakayevutiwa kuuleta mchezo huu nyumbani, na sitashangaa akitokea, ningemshauri aache majoho, mienge na mauaji ya usiku. Badala yake amteue mhujumu wa kazi, kwa mfano anayeharibu hesabu za timu, kama wafanyavyo Wabelgiji katika De Mol tangu mwaka 1998. Jambo moja tu asiliondoe: ile dakika ambapo aliyefukuzwa husimama mbele ya waliomhukumu na kutamka kwamba alikuwa mwaminifu. Kamera ibaki kwenye nyuso zao, wala asiharakishe kwenda kwenye matangazo ya biashara.