Goma: Mpaka ukifungwa, mgonjwa wa kansa afuatwe kwa simu

Mwezi wa tatu mwaka 2020, Rwanda ilipofunga mipaka yake kwa sababu ya Corona, mama mdogo wangu alikuwa amebakiza siku tisa kufikia randevu yake ng'ambo. Alikuwa na kansa ya titi. Alikuwa amekwisha kupata kemoterapia mara nne, na ya tano ilikuwa inamngojea. Siku yenyewe alikwenda Petite Barrière na karatasi ya hospitali mkononi, akarudishwa. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kuvuka mpaka, yeye hapana.

Wiki sita zilipita bila mtu wa hospitali ile kumuuliza hali. Namba yake ya simu ilikuwa imeandikwa juu ya faili yake, niliiona kwa macho yangu. Yeye naye aliogopa kupiga: unité za kupiga ng'ambo zinakwisha upesi, na hata ukipiga, utaomba uongee na nani? Alianza kunywa majani aliyouziwa Birere. Usiku alikuwa anatuuliza swali moja tu: kukosa dawa ya tano ni kusema zile nne zimepotea bure?

Aliyemtafuta mwishowe ni muuguzi mmoja, aliyempigia WhatsApp kwa pesa yake mwenyewe. Waliongea dakika kama nane. Alimuuliza kama ana homa, kama mkono unavimba, kama anakula. Akamwambia aache majani, aende kupimwa damu hapa Goma, apige majibu picha na kuyatuma. Juu ya lile swali alisema atamuuliza munganga, na kesho yake alirudi na jibu: zile nne hazikupotea, ila asikawie tena. Sitadanganya kwamba simu ilimponya. Dawa yenyewe aliipata baadaye sana, kwa shida. Lakini tangu siku ile alianza kulala.

Katika miezi ileile, hospitali ya kansa ya Princess Margaret, mjini Toronto nchini Kanada, ilipanga upya kazi yake kwa muda wa wiki mbili hivi. Mbele ya Corona, kati ya wagonjwa mia hata mmoja hakufika kuongea na munganga wake kwa simu au kwa video. Kati ya tarehe 23 Machi na 22 Mei 2020, mazungumzo ya namna hiyo yalipita 22,000, karibu mbili kwa tatu ya ziara zote. Kemoterapia na mionzi havikusimama; kwa hayo watu waliendelea kuja wenyewe. Walipoulizwa, wagonjwa 82 kwa mia walisema wameridhika, na wanganga 72 kwa mia. Sishangai wanganga kuwa nyuma kidogo. Munganga amefundishwa kugusa.

Mtu ataniambia Toronto si Goma, na ni kweli. Kule umeme haukatiki kila saa, na mtu ana simu yake peke yake. Lakini kitu kikubwa walichofanya hakikuhitaji umeme mwingi: walichambua orodha ya wagonjwa, wakatenga wanaopaswa kufika na wale ambao kinywa na sikio vinawatosha. Mwenye uvimbe mpya lazima aguswe. Anayekuja kusikia majibu ya damu tu, au kuuliza kama kidonge kinachomtapisha kibadilishwe, anaweza kubaki nyumbani. Kwetu mtu huyo wa pili anatoka Rutshuru au Walikale, analala njiani, analipa moto na basi, ili aambiwe kwamba damu yake ni nzuri na arudi mwezi ujao.

Na kuna jambo ambalo kwalo simu inaweza kuokoa maisha kabisa: homa. Kemoterapia inapunguza chembe nyeupe za damu, zile zinazolinda mwili. Mgonjwa akipata homa ya 38 katika siku hizo, hali yake inaweza kuharibika kwa saa chache, na anahitaji kupimwa na kupewa antibiotiki siku ileile katika hospitali iliyo karibu. Sisi hapa tukiona homa tunasema malaria, tunameza paracetamol na kungoja asubuhi. Muuguzi anayejua faili, akipigiwa saa mbili usiku, atasema neno moja: ondokeni sasa.

Maumivu pia. Wangapi wanalia chumbani kwa sababu kipimo cha morfini ya kunywa kilichowekwa miezi miwili iliyopita hakitoshi tena, na hakuna wa kumuuliza?

Kazi hii haitaki mashine za ajabu. Inataka daftari lenye majina, simu moja isiyozimwa, na muuguzi anayelipwa kwa kazi hiyo. Mgonjwa anabip, hospitali inampigia. Gharama ya simu isianguke juu ya mtu aliyekwisha kuuza shamba. Waongee Kiswahili, Kinande au Mashi, si Kifaransa cha waganga. Na siku ya kwanza kabisa aulizwe: simu hii ni ya nani, nani mwingine anaisikia? Mwanamke ambaye simu ni ya bwana yake hatasema mambo ya kizazi chake bwana akiwa ameketi pembeni. Kwa huyo itafutwe njia nyingine. Vilevile, habari kwamba mtu ana kansa isitolewe kwa simu kwa mara ya kwanza. Hapo lazima mtu akae mbele ya mtu.

Kufuata watu tunakujua. Katika Ebola iliyotangazwa hapa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, waliojulikana kukaribiana na mgonjwa walipangwa kufuatwa siku kwa siku, kwa siku 21. Mabunduki yalikuwa yanalia Beni, na timu zilikwenda. Zilijua nyumba, zilijua namba, zilijua nani hakuonekana jana. Ebola ile ilitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, wakati mama mdogo wangu alikuwa bado anangojea dawa. Utaalamu wote ule ulikuwa umejaa mjini, na hakuna aliyefikiri kwamba mtu wa kansa naye anaweza kufuatwa hivyo.

Woga wangu ni mmoja. Hapa Kivu hatuna mashine ya mionzi. Anayeihitaji anatazama Kigali, Kampala au Kinshasa. Sitaki wakubwa wasikie habari ya simu na kuona wamepata njia rahisi ya kutonunua mashine. Simu inamshika mgonjwa asipotee mpaka njia ifunguke. Mionzi haipiti ndani yake. Na njia zetu zinafungwa mara nyingi, si kwa Corona tu: Januari 2025 vita vilipoingia Goma, uwanja wa ndege nao ulifungwa.

Kwa hiyo divisheni ya afya ya jimbo isingoje ugonjwa mwingine ndipo ikae mezani na hospitali za ng'ambo zinazopokea watu wetu, wakubaliane nani atampigia nani, na ni hospitali gani ya huku itampima damu mgonjwa aliyekwama. Na wewe mwenye mgonjwa nyumbani, kwenye randevu ijayo omba namba ya idara yenyewe, si ya mapokezi. Piga picha kila ukurasa wa faili, hasa ule wenye majina ya dawa na vipimo vyake, na uiweke katika simu mbili.