Ulimi, mapigo na mashine: nani autabirie moyo?

Kutabiri ni neno linalotutia shaka, na ni haki litutie, kwani wapiga ramli wamelichafua. Ama tabibu atazamaye dalili akasema kwamba moyo huu wakhofiwa kupata mshtuko tena, huyo hadai kujua ghaibu; asoma ishara kama baharia asomavyo mawingu. Wakazi wa Framingham, huko Marekani, walianza kufuatiliwa mwaka 1948, na kutokana nao ikabainika kwamba shinikizo la damu, lehemu na sigara hutangulia maradhi ya moyo.

Nchini China tabibu wa jadi huutazama ulimi na kuushika mshipa wa mkono. Ulimi wa zambarau wenye madoa, pamoja na maumivu ya kifua yachomayo mahali pamoja, kwake ni ishara ya damu iliyotuama. Elimu hii si ngeni kwa Waislamu: mapema karne ya 14, mjini Tabriz, waziri na tabibu Rashid al-Din alisimamia kutafsiriwa kwa Kifarsi kitabu cha Kichina cha mapigo ya mshipa. Hakukidharau kwa kuwa kimetoka mbali.

Basi je, ulimi huo waongeza chochote juu ya kipimo cha troponini na mchoro wa umeme wa moyo? Sisi twasema uandikwe katika faili la mgonjwa siku ile ile, kabla mwisho wake haujajulikana, kisha wahesabiwe waliopatwa na waliosalimika. Matabibu wawili wautazame bila kuulizana; wakitofautiana kila mara, dalili hiyo haina uzito. Dawa zenyewe zimekwisha kupita mlango huo. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya Tongxinluo kwa wagonjwa zaidi ya 3,700 wa mshtuko wa moyo nchini China, wote wakiendelea na tiba ya kisasa. Katika siku 30, waliofikwa na madhara makubwa walikuwa asilimia 3.4 ya waliopewa dawa hiyo, na asilimia 5.2 ya waliopewa dawa bandia.

Hata hivyo, asemaye kwamba mitishamba haina dhara amekosea. Mzizi wa danshen ukichanganywa na warfarin waweza kumzidishia mgonjwa hatari ya kutokwa na damu. Anywapo vyote viwili kwa siri, daktari na mganga wake wote hutabiri gizani. Wala lawama si ya mgonjwa peke yake. Daktari aliyemkemea siku ya kwanza alipotaja mizizi ndiye aliyemfundisha kunyamaza.