Breki hazikukataa, mtoto hakufunzwa kusimama

Mwaka uliopita, wiki chache kabla ya likizo ya Agosti, mvulana wa kidato cha pili, mtoto wa jirani yetu huko nyumbani upande wa Litein, aliteremka kwa baiskeli kutoka kituo cha kuuzia majani chai. Gunia tupu alikuwa amelifunga kwenye keria. Chini ya mteremko huo njia ya changarawe hukutana na barabara ya lami, na penye makutano pamesimikwa kibao chekundu chenye pembe nane, kinachomwamuru kila anayekuja asimame. Mvulana hakusimama. Alikipita kibao kama mshale, akajibamiza ubavuni mwa trela la trekta lililokuwa likipeleka majani mabichi kiwandani. Mungu alimhurumia, hakuingia chini ya magurudumu. Hata hivyo, mfupa wa paja ulivunjika, na masomo ya muhula mzima yakampita akiwa kitandani.

Nilipokwenda kumjulia hali, niliwauliza waliokuwepo yaliyotokea. Mama yake alinijibu kwa maneno mawili: "Breki zilikataa." Dereva wa trekta, ambaye naye alikuwa amefika na mkungu wa ndizi, alisema hayo hayo. Mwalimu wa darasa aliyarudia. Kabla sijaondoka, nilikuwa nimeyasikia kutoka vinywani mwa watu sita.

Kazi yangu ni kuchunguza lugha, na mtu wa kazi hiyo ana ila moja: hawezi kuacha sentensi ipite bila kuifungua aone kilichomo. Kitenzi "kukataa" kinadai mtendaji mwenye hiari. Mtu hukataa, ng'ombe hukataa kukamuliwa, mtoto hukataa uji. Chuma hakina hiari. Tunaposema kwamba breki zilikataa tunakipa chuma nafsi, kisha tunakitwika lawama, na binadamu wote waliohusika wanaondoka mikono mitupu. Laiti tungesema breki "zilikatika", tungekuwa tumetoa habari inayoweza kuchunguzwa kwa macho: waya ulikatika wapi, na kwa nini? Baina ya maneno hayo mawili pana silabi mbili tu, lakini moja lina ushahidi na jingine lina kisingizio.

Basi niliomba nionyeshwe baiskeli. Ilikuwa imeegemezwa nyuma ya ghala, gurudumu la mbele limepinda kama ungo uliokaliwa. Ni miongoni mwa zile baiskeli nyeusi nzito ambazo watu wetu huziita Black Mamba, zenye breki za vyuma badala ya nyaya. Hakuna chuma kilichokuwa kimekatika. Vipande vya mpira vya breki ya nyuma vilikuwa vimelika hadi vikabakia vyembamba kama ganda la muwa. Vile vya breki ya mbele vilikuwa vipya kabisa, bado vina kingo zake za kiwandani. Baiskeli hiyo ilikuwa na miaka mitatu pale nyumbani, na katika miaka hiyo mitatu hakuna aliyewahi kuitumia breki ya mbele.

Nilirudi kwa mvulana nikamwuliza kwa nini hakuibana. Alinitazama kana kwamba nimemwambia aruke motoni. "Mwalimu, hiyo haiguswi. Ukiigusa inakutupa." Ni nani aliyekwambia? "Kila mtu."

Kila mtu, pamoja na mimi, kwani nami nililelewa kwa fundisho hilo hilo. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilitumwa kusaga mahindi, na wakati wa kurudi nikaibana breki ya mbele kwa nguvu zangu zote kwenye mteremko. Nilipaa juu ya usukani, unga ukanifuata. Tangu siku hiyo, kwa miaka mingi, niliwaonya wadogo zangu wasiiguse. Kovu lingali kwenye kidevu changu, na ndilo lililokuwa hoja yangu yote. Lakini kovu ni ushahidi wa kosa nililolifanya mimi, wala si ushahidi dhidi ya breki.

Wanafunzi wa fizikia watalielewa jambo hili upesi. Msomaji amewahi kupanda matatu, na anajua dereva akisimama ghafla abiria wote huyumba kuelekea mbele. Uzito wa mwendeshaji baiskeli nao huhamia mbele vivyo hivyo anapopunguza mwendo. Gurudumu la mbele hukandamizwa barabarani na kushika vizuri, ilhali la nyuma huwa jepesi, na likibanwa sana husota tu bila kusimamisha chochote. Kwa sababu hiyo anayetegemea breki ya nyuma peke yake huhitaji takriban mara mbili ya masafa anayohitaji yule anayetumia zote mbili kwa ustadi. Tukadirie kwamba mvulana wetu alikuwa akienda kilomita 36 kwa saa, mwendo ambao mteremko wetu wowote unaweza kuutoa bila kukanyaga pedali hata mara moja. Hizo ni mita 10 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka inameza mita 10 kabla kidole hakijafanya lolote. Isitoshe, mwendo ukiongezeka maradufu, masafa ya kusimamia huongezeka mara nne. Hesabu hiyo haijui huruma, na hakuna aliyemfundisha mtoto yule.

Hapa tena lugha yetu inachangia. Tunasema "funga breki". Kufunga ni tendo la mara moja: mlango hufungwa, mzigo hufungwa, ukaisha. Mtoto anayeambiwa afunge breki hulifunga gurudumu, na gurudumu lililofungwa ni gurudumu linaloteleza. Afadhali tungemwambia "bana", na tena "bana kidogo kidogo". Makalio yarudi nyuma ya kiti, mikono inyooke, vidole vibane breki zote mbili kwa pamoja, ile ya mbele ikiongezwa nguvu hatua kwa hatua. Akihisi gurudumu la nyuma linaanza kusota, aipunguze ya mbele kidogo. Kona ikija, apunguze mwendo kabla ya kuiingia, si akiwa katikati yake, maana gurudumu la mbele likiteleza baiskeli ikiwa imelala upande, hakuna wa kuiokoa. Juu ya changarawe au tope, breki ya mbele iguswe kwa upole zaidi. Na kabla ya yote hayo mtoto aulizwe mkono upi una breki ipi. Baiskeli zilizofuata desturi ya Uingereza huwa na breki ya mbele mkono wa kulia, lakini nyingi zilizoletwa zikiwa kuukuu kutoka nchi nyingine zimegeuzwa. Nimewauliza watu wazima swali hilo, wakalazimika kuangalia.

Mtu wa pwani au wa nyanda kavu atashangaa kwamba ninayashupalia mambo madogo. Yeye hajui mvua yetu. Kericho ipo kwenye kimo cha mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na aghalabu mvua huanza alasiri, saa zile zile ambazo watoto wanatoka shuleni na majani chai yanapelekwa kupimwa. Rimu ya chuma ikilowa, mpira wa breki huteleza juu yake kama sabuni, na gurudumu huzunguka mara kadhaa kabla breki haijaanza kushika. Mwenye kujua huigusa breki mapema ili kuyafuta maji, kisha ndipo abane. Zipo pia baiskeli za Buffalo, ambazo shirika la World Bicycle Relief limezigawa kwa wanafunzi wengi nchini Kenya. Nyingi katika hizo husimama kwa kurudisha pedali nyuma. Ni baiskeli imara, nazo hazijali mvua sana. Hata hivyo, mnyororo ukichomoka mteremkoni, breki imekwenda nao, na anayeipanda anapaswa kulijua hilo siku ya kwanza.

Sasa tukirudie kibao chekundu, maana hata breki njema haimsaidii asiyekusudia kusimama. Ninapowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza nadharia ya ishara, mfano wangu wa kwanza huwa taa za barabarani. Wekundu hauna usimamaji wowote ndani yake. Rangi hiyo inamaanisha "simama" kwa kuwa sote tumekubaliana, na kwa kuwa ipo rangi ya kijani inayosema kinyume chake. Ishara, kwa hiyo, ni mkataba. Dereva wa trekta aliendelea na safari yake kwa kuamini kwamba yeyote anayetokea njia ya pembeni atasimama. Anayelipita kibao hatendi ujasiri wowote. Anauvunja mkataba ambao mwenzake bado anauheshimu, na ndiyo maana hugongana.

Vijana wengi niliozungumza nao wanaamini kwa dhati kwamba kibao ni cha magari. Baiskeli, kwa maoni yao, ni mtu anayetembea kwa haraka kidogo. Wakifika Nakuru au Kisumu na kukuta taa, hutazama kushoto na kulia, wakapita. Waendeshaji wa pikipiki hufanya hayo hayo, na sishangai. Neno "bodaboda" lenyewe lilizaliwa juu ya baiskeli zilizokuwa zikivusha abiria mpakani Busia. Pikipiki ilirithi jina, ikarithi na mazoea. Itoshe kusema kwamba kibao chenye pembe nane kilipewa umbo hilo ili kitambulike hata na asiyejua kusoma, hata kikitazamwa kwa nyuma. Waliokibuni walimfikiria kila mtu. Sisi ndio tulioamua kwamba hakituhusu.

Najua nitajibiwa kwa methali: ajali haina kinga. Methali hiyo naiheshimu, ila naomba itazamwe vyema. "Ajali" ni neno tuliloazima kutoka Kiarabu, na huko "ajal" ni muda uliopangiwa kiumbe, saa yake ya kufa. Hata katika Kiswahili cha kale ajali ilikuwa majaliwa na mauti. Methali ilikuwa sahihi kwa maana ile ya kale: siku ya mtu ikifika, hakuna ngao. Neno likabadilika, likawa jina la kila mgongano barabarani, lakini methali ikabaki pale pale, na sasa inafanya kazi ambayo haikutumwa kuifanya. Mpira wa breki uliolika hautoki kwa Mwenyezi Mungu. Na mtoto wetu hata hatusemi kwamba aligonga. Tunasema "alipata" ajali, kama mtu aliyepata zawadi.

Sidai kwamba anayejua haanguki. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda Tour de France mara nne, alijibamiza ukutani mjini Roanne, Ufaransa, tarehe 12 Juni 2019, baada ya kuuachia usukani kwa mkono mmoja ili apenge kamasi, upepo ukamchukua. Naye alivunjika mfupa wa paja. Mkenya mwenzetu Suleiman Kangangi alifariki Agosti 2022 kutokana na kuanguka mashindanoni huko Vermont, Marekani. Nao ni mabingwa. Kisha kuna siku ambazo mtu hana hata fursa ya kukosea: tarehe 30 Juni 2023 lori liliacha njia katika makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho, likawaua watu zaidi ya 50, wengi wao wakiwa wachuuzi, abiria na waendesha bodaboda waliokuwa kando ya barabara. Dhidi ya lori la namna hiyo somo langu la breki si kitu. Lakini hakuna sababu ya kuruhusu msiba usiozuilika uwe udhuru wa ule unaozuilika.

Walimu wenzangu, hasa wa shule za sekondari msingi, ombi langu ni dogo. Najua mna silabasi isiyokwisha, vyumba vilivyojaa na fomu za kujaza. Siombi kitabu kipya wala semina. Katika kila darasa la eneo letu kuna mtoto mmoja au wawili wanaokuja kwa baiskeli. Chukueni moja, mwende uwanjani, mchore mstari kwa jivu. Kila mwanafunzi, wasichana wakiwemo, aje kwa kasi na kuanza kubana breki akifika mstarini: kwanza ya nyuma pekee, kisha zote mbili. Wenzake wapime kwa hatua. Mwalimu wa hisabati atapata grafu, wa sayansi atapata msuguano, na wa Kiswahili atapata insha isiyoanza na "breki zilikataa". Wazazi nao wakumbuke kwamba vipande vya mpira vya breki ni bei ndogo mno kulinganishwa na siku moja ya kitanda cha hospitali.

Nimelijaribu jambo hilo mwenyewe. Desemba iliyopita nilimchukua mpwa wangu hadi uwanja wa shule ya msingi iliyo karibu na kwetu. Kwa breki ya nyuma pekee aliupita mstari kwa hatua kumi na moja, akiacha mchirizi mrefu kwenye vumbi. Kwa zote mbili, baada ya woga wa mara tatu za kwanza, alisimama kwenye hatua ya sita. Alipiga kelele za furaha. Kisha mvua ikaanza, nikasema twende nyumbani. "Hapana, mjomba," alisema, "tupime na kwa maji." Tulipima. Zilikuwa hatua kumi.