Mkataba, Neno na Uso wa Mtu



Wapendwa katika Kristo, Dominika iliyopita baada ya Misa ya pili alinijia muumini mmoja, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, akiwa na uchungu moyoni. Alikuwa ametia sahihi mkataba na muuzaji wa Kichina, na kabla mzigo haujapakiwa, mwenzake akataka wazungumze upya juu ya bei. "Padre," akaniambia, "watu hawa hawana neno." Waliosimama karibu waliitikia kwa vichwa. Mimi sikuitikia, na leo napenda kueleza sababu.

Confucius, aliyeishi kati ya mwaka 551 na 479 K.K., aliulizwa na mwanafunzi wake Zigong mambo yanayohitajika katika kuongoza nchi. Alitaja chakula, silaha na imani ya watu. Alipotakiwa kupunguza, aliacha silaha, kisha chakula. Imani hakukubali kuiacha. Hata herufi ya Kichina yenye maana ya uaminifu huunganisha alama mbili: mtu, na kando yake neno. Taifa lenye urithi huo haliwezi kuambiwa kwamba halijui neno ni nini.

Mikataba nayo ilikuwepo tangu zamani. Nyaraka zilizopatikana Turfan na katika mapango ya Dunhuang zinaonyesha watu wa kawaida, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wakiandikiana mauziano ya ardhi na mikopo ya nafaka, pamoja na majina ya mashahidi na wadhamini. Lakini sheria kuu za wafalme, kama ile ya ukoo wa Tang ya mwaka 653, zilishughulika zaidi na makosa na adhabu kuliko madai ya mtu na mtu. Kwenda mbele ya hakimu lilikuwa jambo la kuogopwa. Kwa hiyo kilicholinda mapatano kilikuwa ni jamaa, mtu wa kijiji kimoja, au mshenga aliyeheshimiwa na pande zote mbili. Karatasi ilikumbusha, watu ndio waliobana. Ndipo tunapoelewa kwa nini kwa mfanyabiashara wa malezi hayo sahihi yaweza kuwa mwanzo wa uhusiano, na hali ikibadilika, rafiki hutazamiwa kumsikiliza rafiki.

Kisha likaja pigo. Katika Mapinduzi ya Utamaduni, kuanzia 1966 hadi 1976, watoto walichochewa kuwashitaki wazazi wao na wanafunzi kuwaaibisha walimu wao hadharani. Ule uzio wa jamaa uliokuwa umebeba imani kwa karne nyingi ulibomolewa. Sheria moja ya mikataba kwa nchi nzima ilipatikana mwaka 1999, na tangu 2021 imo ndani ya Kanuni ya Sheria za Kiraia. Sheria hutungwa kwa mwaka. Imani hujengwa kwa vizazi.

Kanisa linalijua jambo hili. Padre Matteo Ricci, Mjesuiti, alifika Macau mwaka 1582. Hakuingia kwa hati. Alijifunza lugha, akaandika kwa Kichina kitabu juu ya urafiki mwaka 1595, na ndipo mwaka 1601 akaruhusiwa kukaa Beijing. Karne nne baadaye, tarehe 22 Septemba 2018, Kiti Kitakatifu kilitia sahihi Mapatano ya Muda na China juu ya uteuzi wa maaskofu. Aprili 2023 askofu wa Shanghai alisimikwa bila Roma kushirikishwa. Papa Fransisko aliumizwa? Bila shaka wengi waliumizwa. Hata hivyo mwezi Julai alimtambua kwa ajili ya mema ya waamini, na mwaka 2024 mapatano yakaongezwa kwa miaka minne. Wapo wanaouita huo udhaifu. Mimi nauona ni uvumilivu wa yule anayejua kwamba agano ni zaidi ya karatasi.

Sisemi kwamba kila desturi ni njema. Imani inayoishia kwa jamaa humwacha mgeni nje, na Bwana wetu alitoa mfano wa Msamaria ili kuubomoa ukuta huo hasa. Anayevunja ahadi anatenda kosa, awe Mchina au Mswahili. Lakini kosa la mtu mmoja tusilifanye jina la taifa.

Na sisi je? Daftari la ahadi za ujenzi wa kanisa letu liko ofisini. Nimelipitia. Majina ni mengi, malipo ni machache, na hakuna Mchina hata mmoja humo. Kitabu cha ndoa nacho kina sahihi ambazo wenyewe wamekwisha kuzisahau. Yesu alitutaka neno letu litoshe bila kiapo.

Ndugu yangu yule nilimshauri hivi: asiitupe haki yake, mkataba ni mkataba, lakini kabla ya kwenda kwa wakili, amtafute mtu anayeaminiwa na wote wawili, wakae, wale pamoja, kila mmoja aseme kinachombana. Na mkataba unaofuata, uhusiano utangulie sahihi.

Nawatakieni Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo.

Paroko wenu