Mkataba wa Kazi ya Ughaibuni Usomwe Nyumbani, Usisomwe Riyadh



Hapa Pwani ya Kenya hupiti muda mrefu kabla ya mzazi kutujia msikitini akitaka binti yake aombewe dua, kwa kuwa anasafiri kwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani. Dua tunaomba. Tunapouliza mkataba uko wapi, tunaambiwa uko kwa wakala, au kwamba hapakuwa na haja ya kudadisi maana binti anakwenda nchi ya Makka na Madina.

Ndugu Waislamu, utukufu wa miji hiyo miwili haumfanyi kila mwenye nyumba kuwa mwadilifu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, na walioamrishwa humo ni waumini wenyewe kwa wenyewe. Basi kuomba karatasi si kumdhania Mwislamu mwenzako uovu.

Haja ya karatasi hiyo inazidi kwa sababu ya utaratibu wa kafala, ambao unaifunga ruhusa ya mfanyakazi kukaa nchini kwa mwajiri wake. Akiondoka bila ridhaa yake anaweza kuripotiwa kuwa mtoro, akakamatwa na kurudishwa kwao, hata kama alikimbia kipigo. Mabadiliko yaliyoanza Machi 2021 kuwarahisishia wafanyakazi kubadili mwajiri hayakuwahusu watumishi wa nyumbani. Kanuni zao mpya zilianza kutumika Oktoba 2024: kazi isizidi saa 10 kwa siku, pawe na siku ya mapumziko kila wiki, mwajiri asizuie pasipoti, na gharama za kuajiri asitozwe mfanyakazi. Ni kanuni njema, lakini aliyefungiwa ndani ya nyumba ya watu hana wa kumsomea.

Kwa hiyo kazi kubwa ni ya kabla ya safari. Wakala na ahakikiwe katika orodha ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na cheti kilichotundikwa ukutani kisitosheleze. Viza iwe ya kazi. Anayeambiwa asafiri kwa viza ya matembezi kwamba "mambo yatatengenezwa huko" na arudi nyumbani. Mkataba wa Saudia hupitia mtandao wa serikali yao uitwao Musaned, basi familia iuone, itafute mtu wa kuusoma Kiarabu chake (walimu wa madrasa mnao), na ilinganishe mshahara ulioandikwa humo na ule uliotamkwa na wakala. Nakala ya mkataba, ya pasipoti na ya viza zibaki nyumbani, pamoja na jina la mwajiri, mji na simu yake. Ubalozi wetu uko Riyadh. Aliyepelekwa Jeddah yuko mbali nao kwa zaidi ya kilomita 800, na bila anwani hata afisa mwenye huruma hajui aanzie wapi.

Binti ahifadhi kichwani namba mbili za simu, kwani simu yenyewe huenda ikachukuliwa. Wakubaliane na mama yake neno moja la kawaida, kama vile kuulizia afya ya shangazi fulani, litakaloashiria kwamba ana shida na anasikilizwa.

Suala la mahram katika safari ya mwanamke wanazuoni wamehitilafiana, na si mada yetu leo.

Liko jingine ambalo wazazi hawapendi tuliseme. Mshahara wa binti ni mali yake. Suratun Nisaa, aya ya 32, imethibitisha kwamba mwanamke ana fungu katika alichokichuma. Tumewaona waliorejea baada ya miaka miwili ya kufua na kulea watoto wa wengine, wakakuta pesa walizotuma zimekuwa pikipiki ya kaka na deni la harusi ya binamu. Hiyo ni khiyana, hata kama aliyeifanya ni baba. Na afungue akaunti kwa jina lake kabla ya kuondoka, aandike ni kiasi gani kitakuwa cha matumizi ya watoto aliowaacha na nani atawalea, na waliokabidhiwa watie saini mbele ya mashahidi wawili.